Logiciel ya PDF ya Kupeleka Salamabila

Riziki mwanangu, mama yangu,

Mambo ya chandarua, dawa ya malaria na watu wa kuwapigia simu ukifika nimemwachia shangazi yako Mwamini, kwa sababu yeye hachoki kuyarudia. Mizigo imefungwa, moto, ile pikipiki, inakuja asubuhi, na mashini yako ya kompyuta nimeiviringisha kwenye kitenge kizito ili vumbi la barabara ya Kabambare lisiingie kwenye vitufe. Kilichobaki ni swali lako moja la logiciel, yaani programu ya mashini, lile nililolikimbia.

Uliniuliza Jumapili, tukimenya mihogo nyuma ya nyumba. "Mama, kule Salamabila niweke logiciel gani ya PDF? Ziko nyingi, na kila mutu anasema yake ndiyo muzuri." Nikakujibu, "Weka yoyote," nikaacha kisu ndani ya beseni, nikaingia nyumbani. Ulidhani umenikosea. Hukunikosea. Kila nikiguswa na habari hiyo mdomo unanijaa mate ya mtu anayetaka kutapika, na sikutaka uone uso wangu. Mambo yenyewe yalitokea ukiwa Kindu kwa masomo. Uliporudi ulikuta mujomba wako Amisi hafanyi tena kazi kwangu, na kila uliyemwuliza alikujibu nusu. Leo nakujibu yote, kwa sababu unakwenda kufungua secrétariat yako mwenyewe, duka la kuandika na kuchapa karatasi za watu, na watakaokuja kukaa mbele ya meza yako siwajui kwa majina lakini sura zao nazijua.

Unajua nilianza vipi. Nilikuwa karani, nikipiga barua za watu kwenye mashini ya kuandikia, ile ya chuma. Ukikosea herufi ulipaka blanco, wino mweupe, ukasubiri ukauke, ukapiga herufi nyingine juu yake. Mtu akiinua karatasi kwenye mwanga aliliona doa. Nililichukia doa lile. Nililionea aibu kama mtu mwenye upele. Ordinateur, yaani kompyuta, zilipofika Kasongo, nikaona kosa linafutika na karatasi inabaki safi, nilifurahi mno. Furaha ile ilinifundisha vibaya. Miaka mingi nikawa napima kila kifaa kwa jambo moja tu: je, kinaacha alama? Kama hakiachi, basi ni kizuri.

Halafu zikaja PDF. Watu wakawa wanaingia na simu mkononi: barua ya kuomba kazi, cheti cha ubatizo, karatasi ya shule. Unaweza kuisoma, unaweza kuichapa, lakini neno hulisogezi. "Mama secrétariat, ongeza tu hapa tarehe." "Toa huu ukurasa." "Unganisha hizi zikuwe moja." Bila logiciel ya kuzifungua unabaki unamtazama mtu. Nikaanza kujaribu.

Ya kwanza niliiweka ndani ya simu, na sitaki kuizungumzia sana. Ilijaa matangazo. Siku moja mzee wa msikiti alileta karatasi ya ndoa ya mtoto wake, amekaa karibu yangu akisubiri, na katikati ya kazi likaruka tangazo la mwanamke asiye na nguo, likajaza kioo chote, na mahali pa kulifunga hapaonekani. Mzee aligeuka akatazama barabara mpaka nilipomaliza. Niliifuta jioni ile ile, na mikono niliinawa kwa sabuni, ingawa najua sabuni haina kazi hapo.

Sasa nikufikishe kwa Mama Feza, maana habari yote ni ya kwake.

Mama Feza ni mjane wa mwalimu Kasimba, aliyefundisha Lusangi tangu ujana wake mpaka kifo. Mwalimu huyo alikuwa ameandika kitabu kidogo cha kusomea, kwa Kibangubangu, ili watoto wa darasa la kwanza waanze na lugha ya mama zao kabla ya kurundikiwa Kifaransa. Alikiandika kwa mkono na kuchora picha mwenyewe: jembe, kuku, mwanamke anatwanga. Padri mmoja aliyekuwa rafiki yake alikipiga picha ukurasa kwa ukurasa akakigeuza PDF. Ilikuwa bahati, kwa sababu baada ya mazishi mchwa waliingia ndani ya sanduku la mwalimu wakala karatasi zote. Kikabaki hicho cha kwenye flash.

Mama Feza aliweka flash juu ya meza yangu kama mtu anayeweka yai. Kurasa nyingine zilikuwa zimetoka nyeusi, maneno mengine yalikuwa yamekatika pembeni. Alitaka zisafishwe, maneno yaliyopotea yarudishwe, jina na picha ya mume wake viwekwe juu, uongezwe ukurasa wa shukrani kutoka kwake mwenyewe, kisha tuchape vitabu vya kupeleka Lusangi.

"Mimi sijui Kibangubangu," nikamwambia.

"Mimi najua," akasema. "Nitakaa hapa. Wewe utaandika, mimi nitakusomea."

Akawa anakuja kila siku baada ya soko. Alivuta kiti, akavua viatu, akanisomea herufi kwa herufi, na palipokatika alifumba macho mpaka neno limjie. Nadhani alikuwa anamsikia mume wake. Kati ya neno na neno alinisimulia maisha yao, na mimi nikamsimulia ya kwangu, hata yale ya baba yako ambayo wewe sijakusimulia. Ni nadra kupata rafiki mpya ukiwa na umri wangu. Mimi nilimpata kupitia kazi hiyo.

Tulianza na ile ya internet. Haina haja ya kuwekwa ndani ya mashini. Unafungua ukurasa wao, unapeleka fichier, ile karatasi iliyo ndani ya mashini, unafanya kazi, unairudisha. Imeandikwa bure. Tulisubiri connexion ya internet asubuhi nzima, tukarekebisha kurasa kadhaa, tukaweka picha ya mwalimu kwenye jalada. Tulipoirudisha, kila ukurasa ulikuwa umepigwa jina la kampuni yao, herufi kubwa za kijivu, kona mpaka kona. Kwenye jalada jina lile lilipita katikati ya uso wa marehemu.

Mama Feza alisogeza kichwa karibu na kioo. "Huyu ni nani amesimama juu ya bwana yangu?"

Chini palikuwa na maneno kwamba jina litaondoka ukiwapa kadi ya benki, nao watakuwa wanakata kila mwezi. Kadi ya benki, hapa Kasongo, mama. Nikasoma zaidi, yale maandishi madogo ambayo mtu hasomi, nikaelewa kwamba fichier yetu sasa imekaa nyumbani kwao, kwenye mashini zao, nchi nisiyoijua. Kitabu cha mwalimu, na pamoja nacho vyeti na barua zote nilizokwisha kuwapelekea kwa ujinga. Nilijisikia kama mtu aliyegundua kwamba choo alichokuwa akiogea kina tundu ukutani.

Ndipo Amisi akaleta ile kubwa.

Mdogo wangu wakati ule alikuwa anakaa nami secrétariat, yeye ndiye mtu wa mashini, mimi ni mtu wa wateja. Aliipata Bukavu kwa rafiki yake, ya kuibwa, imevunjwa kufuli. Nilijua. Karibu mashini zote za hapa zinaishi hivyo, na sikulala macho wazi kwa sababu yake. Aliifungua mbele yetu akaanza kuonyesha. Inasoma picha ya karatasi na kuigeuza kuwa herufi. Inatambua umbo la mwandiko na kuandika neno jipya kwa umbo lile lile, ukubwa ule ule, hata rangi ya wino uliochakaa. Unatoa neno, unaweka lingine, na ukurasa unafunga kama maji.

"Yaya, ona," aliniambia mimi dada yake. "Hakuna mutu ataona."

Mimi nikapiga makofi. Nakwambia ukweli, nilipiga makofi.

Hata hivyo ilikuwa na kiburi chake. Ilijua Kifaransa na Kiingereza, ikadhani duniani hakuna lugha nyingine. Tulipoiacha isome kitabu yenyewe, iliyageuza maneno ya Kibangubangu kuwa Kifaransa kilichofanana nayo kidogo. Neno la kumsalimu mama mkwe likawa "salade". Mtoto anayeoga mtoni akawa tarehe. Mwanzoni Mama Feza alicheka mpaka akashika tumbo. Ukurasa wa nne au wa tano kicheko kiliisha. Alisema, polepole, "Hii mashini inasahihisha bwana yangu." Tukazima sehemu ile, tukarudi kwenye kazi yetu ya kusomeana herufi kwa herufi, na logiciel kubwa tukaitumia kusafisha tu. Kitabu kikapendeza. Tulichapa nakala moja ya kujaribu, tukaiweka juu ya meza, na Mama Feza akaenda Lusangi kuwaeleza watu wa shule.

Nakala ile ndiyo Directeur aliiona.

Hilo ndilo jina tulilomwita, na sitampa jina lingine hapa. Aliongoza muradi wa kusomesha watu, mmoja wa ile inayokuja na gari jeupe na kuondoka na gari jeupe. Alikuja kupiga photocopie. Alipangusa kiti cha plastiki kwa kitambaa cha karatasi kabla ya kukaa, akaacha kitambaa kile sakafuni. Alinukia marashi matamu kiasi kwamba hewa ya chumba ililegea. Akafunua kitabu, akafunua tena, akauliza ni cha nani. Nikamweleza kwa fahari.

Alirudi kesho yake, akachagua saa isiyokuwa na wateja. Sauti yake ilikuwa ya adabu, ya mtu anayeomba maji.

"Mama, kitabu kama hiki wafadhili wangu wanatafuta sana. Ile jina ya mbele, unaweza kuibadilisha?"

"Kuibadilisha namna gani?"

"Uweke yangu. Na ile page ya merci, ya bibi yake, uitoe. Iko kazi ya dakika moja."

Nilimwambia kitabu kina mwenyewe. Akatabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Mwenyewe amekufa, mama. Mufu anafanyia jina nini? Watoto watapata kitabu, si ndicho alichotaka?"

Nikamwomba atoke. Hakukasirika. Alinishukuru, akanitakia siku njema, akatoka akifunga mlango taratibu. Sijui kwa nini, lakini adabu ile ndiyo iliyonichafua zaidi. Angenitukana ningesahau.

Wiki hiyo tulipata msiba Nyangwe, nikaenda kuzika, nikakaa huko siku kadhaa na ndugu. Secrétariat nilimwachia Amisi. Niliporudi kila kitu kilikuwa mahali pake.

Tuliendelea kusubiri karatasi nzuri kutoka Kindu ili tuchape vya Mama Feza. Mvua zikaharibu barabara, karatasi zikachelewa. Kabla hazijafika, Mama Feza aliingia mchana mmoja, miguu imejaa matope ya safari, akaweka kitabu juu ya meza. Kilikuwa na jalada la rangi, linalong'aa, lenye alama ya muradi. Kuku wa mwalimu alikuwepo. Mwanamke anatwanga alikuwepo. Jina lilikuwa la Directeur, kwa mwandiko wa mwalimu Kasimba. Umejua maana yake? Mwandiko wa mkono wake mwenyewe, ule wa herufi zilizoinama, sasa ulikuwa unaandika jina la mtu mwingine.

"Mujukuu wangu alikileta kutoka shule," alisema. "Wamepewa wote."

Kisha akanitazama. "Ni wewe?"

Swali lile sitalisahau, kwa sababu alikuwa na haki ya kuliuliza. Nilimwita Amisi kutoka chumba cha nyuma. Alipokiona kitabu hakuuliza ni nini.

"Ulikifanya?" nikamwuliza.

"Yaya, alikuja mara nyingi."

"Nimekuuliza kama ulikifanya."

"Nilibadilisha jina tu. Maneno ya mwalimu yote yako, sikugusa hata moja." Akamgeukia Mama Feza. "Mama, maneno yote yako."

Mama Feza alivaa viatu vyake, vile alivyokuwa ameanza kuvivua kwa mazoea, akakaa navyo.

"Alikupa nini?" nikauliza.

"Alisema atanipa kazi mu muradi. Yaya, hata mimi nataka maisha. Na hii ni kazi kama kazi ingine, kila siku tunabadilisha tarehe za watu, tunabadilisha madaraja ya shule, leo ndiyo unashangaa?"

Madaraja, alisema. Sikuwa nikijua. Nikakumbuka vijana waliokuwa wakimwulizia Amisi na si mimi, wakisubiri nje mpaka nitoke. Nikatazama mikono yake, mikono niliyoiosha mimi alipokuwa mtoto mdogo, na nikasikia kinyaa. Sijui neno laini zaidi. Siku zile nilishindwa kula chakula alichokigusa. Alikuwa akikata mkate mezani, mimi nasema nimeshiba. Hasira unaweza kuigombeza ikatoka. Kinyaa kinakaa kooni na kinapanda chenyewe, hata ukiwa unamwombea mtu.

Tulikwenda kwa Directeur, mimi na Mama Feza. Alitupokea vizuri, akatuletea soda baridi, akauliza habari za safari. Mama Feza hakugusa chupa. Nikamweleza Directeur kwamba tunajua, na kwamba fundi mwenyewe amekiri.

"Fundi wako," alisema, "ambaye umemfukuza kazi na ana kinyongo?" Nilikuwa sijamfukuza bado. Akageuza mashini yake ituelekee, akafungua mahali ambapo fichier inaonyesha aliyeiandika. Jina lake lilikuwa pale. Amisi alikuwa amelibadilisha hata huko ndani, mahali ambapo hakuna mtu anatazama.

"Tuko na ile ya kwanza," nikasema. "Ile ya padri. Iko mu flash ya huyu mama."

Akanitazama kwa huruma, Riziki. Huruma ya kweli kabisa. "Mama, ile ya kwanza nani atajua kama si nyinyi muliitengeneza? Si nyinyi muko na secrétariat? Si nyinyi muko na logiciel ya kubadilisha majina?"

Alikuwa mwongo, lakini alichosema kilikuwa sawa. Padri alikuwa amekwisha kuhamishwa, mbali. Kilichobaki ni PDF mbili, zote safi, zote bila alama. Kile nilichokipigia makofi, ukurasa unaofunga kama maji, kilikuwa kimemeza ukweli wa Mama Feza na neno langu pamoja. Nani angeniamini mimi, mwanamke wa secrétariat? Kazi yangu yenyewe ilikuwa ushahidi dhidi yangu.

Akasema anaweza kumshukuru mwalimu kwenye ukurasa wa mwisho, chapa ikirudiwa. Mama Feza alisimama. Alimwambia maneno machache kwa Kibangubangu, bila kupandisha sauti. Directeur akaniuliza amesema nini. Nikamjibu kwamba sijui, na ni kweli sikujua, na mpaka leo sijamwuliza.

Hakuna lililompata mtu yule. Nakuambia ili usije ukangoja mwisho mwingine. Muradi uliisha, akahamia mji mkubwa zaidi, na nasikia bado anaitwa kwenye semina kuzungumzia lugha zetu. Kazi aliyomwahidi Amisi haikuwepo.

Nilirudi nyumbani nikafuta ile logiciel kubwa. Amisi alisema nimekuwa mtoto, kwamba kosa si la mashini. Ni kweli, na kuna watu wenye kazi kubwa wanaoihitaji, wakainunua kwa haki, sina ugomvi nao. Lakini nilikuwa sitaki tena kukaa chumba kimoja nayo. Kisha nikaanza kutafuta nyingine, na safari hii nilijua nauliza nini. Sikuuliza inaweza kufanya mangapi. Niliuliza fichier ya mtu inalala wapi. Niliuliza kama inafanya kazi connexion ikikatika. Niliuliza kama itanyamaza mbele ya lugha isiyoijua. Na juu ya yote, nilikigeuza kile kipimo changu cha zamani: nikitia mkono wangu kwenye karatasi ya mtu, mkono huo utaonekana?

Nyingi zilianguka hapo. Moja ilikuwa nzuri mpaka ilipotaka kujua namba yangu ya simu na ya rafiki zangu wote. Nyingine ilitaka kuniandikia barua badala yangu. Nikapata moja kwa karani wa parokia, bure kweli, watu wameitengeneza na kuiachia wengine. Ni ndogo. Inaunganisha kurasa, inatenganisha, inageuza ukurasa uliolala, inaweka sahihi, inaandika juu ya karatasi. Inakaa ndani ya mashini yako na haimpelekei mtu chochote. Neno lililomo haiwezi kulitoa. Inaweza kulifunika tu kwa kibandiko cheupe, na kibandiko kinaonekana na kila mwenye macho. Amisi alipoiona alicheka. "Hii iko ya watoto." Mimi nilikitazama kile kibandiko nikaona doa la blanco ya ujana wangu, na kwa mara ya kwanza sikulionea aibu.

Hiyo ndiyo niliyokuwekea ndani ya mashini yako. Ukitaka kuitoa, ni mashini yako.

Mama Feza alirudi, hata mimi sikutegemea. Alikaa nje ya mlango kwanza, kisha akaingia. Tukakitengeneza kitabu upya kutoka ile ya padri, kwa logiciel ndogo. Palipokuwa peusi pakabaki peusi. Palipokatika tukaweka kibandiko, na juu yake maneno ya Mama Feza kwa herufi za mashini, tofauti kabisa na mwandiko wa mume wake, ili kila mtu ajue hapa anasema mwalimu na hapa anasema mjane. Kilitoka kibaya. Kinaonekana kama suruali yenye viraka. Tukachapa vitabu, tukavipeleka Lusangi kwa moto, mimi na yeye, mabegani tumebeba mabunda.

Mwalimu mkuu alitupokea kwa heshima, akaviweka kabatini karibu na vile vya muradi, akasema hawezi kuvirudisha vile, vilikuja na mhuri. Watoto waliruhusiwa kuchagua. Wengi walichagua vya rangi. Ni watoto, mimi pia ningechagua vya rangi. Mama Feza alisimama mlangoni akiwasikiliza wakisoma kwa pamoja, na vinywa vyao havikuwa na tofauti, kitabu kizuri na kitabu kibaya vikatoa sauti moja. Uso wake sikuweza kuusoma. Njiani kurudi alilala akiniegemea mgongoni, na dereva akaendesha polepole.

Salamabila ni mahali pa dhahabu, mama. Karatasi pale zina uzito kuliko hapa. Watakuja na PDF ya makubaliano ya kiwanja cha kuchimba, na mtu atataka mpaka usogee kidogo upande wa shamba la mwenzake. Watakuja na cheti cha mtoto anayetakiwa kuonekana mkubwa ili ashuke shimoni. Hawatakuja na panga. Watakuja na adabu, watapangusa kiti, watakuambia ni dakika moja na hakuna mtu ataona. Sikuambii uwe shujaa. Mimi sikuwa. Nakuomba tu, siku hiyo tumbo lako likipinduka, usilitulize. Usijiambie kwamba unakua, kwamba ndiyo biashara. Amisi naye tumbo lilimpinduka mara ya kwanza, aliniambia mwenyewe baadaye, akilia. Mara ya pili kidogo. Kisha halikupinduka tena, na huyo ndiye mtu aliyekaa mbele ya jina la mwalimu Kasimba akalifuta kama kosa la herufi.

Nilimwachisha kazi, na siku hizi anachaji simu za watu karibu na soko. Tunasalimiana. Sikukuu nampelekea sahani, naye anaileta ikiwa imeoshwa. Watu wanadhani tumekwisha kupatana.

Atakuja asubuhi kukuaga, alimwambia shangazi yako, na amekununulia kamba mpya za kufungia mizigo kwenye moto. Zipokee kwa mikono miwili, umwite mujomba, umwache akufungie mizigo yeye mwenyewe, maana anafunga vizuri kuliko mtu yeyote hapa. Ukiniona nimesimama mbali, kule kwenye ukuta wa jiko, usidhani nalia kwa ajili ya kuondoka kwako tu. Ni kwamba mikono yake itakuwa juu ya vitu vyako, na mimi bado sijaweza kuitazama bila kinyaa.

Mama yako, Kasongo